Kuskusi Bila Wimbo

Kidole cha Zohra kilisimama juu ya kitufe cha kuondoa sauti. Kampuni moja ya ng'ambo ilidai kuwa wimbo anaouimba mama yake kwenye video, huku akichekecha kuskusi, chembe za unga wa ngano, ni mali ya kampuni hiyo. Aondoe sauti leo, la sivyo chaneli yake yote itafungwa.

Na humo chanelini ndimo zilimo video alizopiga za mgomo wetu wa migodini, hapa mjini Redeyef: marungu ya polisi, moshi wa kutoa machozi, wanawake waliolala relini. Televisheni haikuonyesha hata dakika moja. Mimi jirani yao sijasahau.

"Mali yao tangu lini?" mama yake aliuliza, unga umemjaa viganjani. "Bibi yangu aliwauzia?"

"Wameuandikisha, mama."

"Basi waje wachekeche na kuskusi yenyewe, mbwa hao!"

Sisi majirani tukaangua kicheko. Zohra hakucheka. Alibonyeza.

Kwenye kioo cha simu, mdomo wa mama uliendelea kufunguka na kufungika, jino la dhahabu likimeta, bila sauti. Mama alisogea, akakitazama kinywa chake mwenyewe kwa muda mrefu.

Kisha akalivuta chekecheke. Zohra alikuwa ameshaisimamisha simu kwa ajili ya video mpya. Kwa mazoea, mama akaanza kuimba. Kwetu kuskusi haichekechwi kimya, baraka huondoka.

Zohra, ambaye hakuwahi kuzima kamera mbele ya marungu, aliinua mkono.

"Mama," alisema taratibu, "leo usiimbe."