Mashine ya Tatu

Skana ya pili nayo ilikataa. Kajal alibonyeza kitufe, akangoja, akabonyeza tena. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno yaleyale ya tangu asubuhi: hakuna kifaa kilichoonekana.

"Kiko hapa, mbele ya pua yako," Nyamoita aliikaripia kompyuta. "Ni wewe huna macho."

Nyamoita ndiye aliyesafisha picha katika Studio Chandni, na kila jioni alirudi kwao Kiogoro na kicheko chake. Kajal hakuwa na pa kurudi. Kwao kulikuwa juu ya duka, ngazi kumi na saba kutoka kaunta. Kati ya ngazi hizo na barabara ya mji wa Kisii palikuwa na geti la chuma, na kando ya geti palikuwa na kiti cha baba yake.

"Kwetu bibi harusi hucheleweshwa na ng'ombe wa mahari," Nyamoita alisema. "Wewe dada unacheleweshwa na waya!"

Kajal alicheka kidogo, akauchomoa waya.

Mambo yalianza na mvua za El Niño. Maji yaliingia stoo, na ukungu ukazila slaidi za marehemu mama yake, Chandni: visanduku kumi na viwili vya vipande vya filamu, kila kimoja katika fremu yake ya karatasi ngumu. Baba yake, Mzee Ishwar, akatangaza kwamba bila sura ya mama hakuna harusi. Slaidi zingeingizwa kwenye kompyuta kwa skana, ukungu ungefutiwa humo, na picha zingechapishwa kubwa. Siku Kajal atakapoolewa na Bhavin wa Eldoret, Chandni angekuwa ukutani, akimtazama binti yake.

Taabu ilikuwa kompyuta yenyewe. Dev, binamu yake aliyeko Uingereza, ndiye aliyeituma, na ndani yake aliweka Linux, mfumo ule ambao mafundi huuunda wenyewe na kugawiana bure. Si kila skana ilielewana nao. Ya kwanza ilifika kutoka Nairobi mwezi wa pili, ikarudishwa. Hii ya pili ilikuwa imefika wiki iliyopita, na sasa ni Agosti. Mwenye duka huko Nairobi hakukataa kubadilisha, ila kila badiliko lilimeza miezi.

"Si uweke Windows kama watu wengine?" Nyamoita aliuliza.

"Picha za studio nzima zimo humu. Nikikosea kidogo tu zikafutika, utawaambia nini wale walimu wa Nyacheki?"

Nyamoita, aliyewapanga walimu hao mstari mzima wapigwe picha siku ya mvua, akaifuta kompyuta vumbi.

Kiti kililia kule getini. Mzee Ishwar akaingia, anafuta miwani kwa pindo la shati.

"Imekubali?"

"Bado, Bapuji."

Aliizunguka mashine kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa. "Mama yake Bhavin amepiga simu. Anasema kaunta yako kule dukani kwao wameshaipaka rangi. Ya kijani."

"Kijani ni kizuri."

"Anasema pia watangoja mpaka Desemba. Desemba ikipita, watatafuta kwingine."

Kajal aliukunja waya mara mbili, akaukunjua.

"Mzee, si waoane tu?" Nyamoita alidakia. "Picha zitafuata."

"Nilimwahidi Chandni akiwa kitandani hospitalini, ameshika kidole changu hiki." Alikionyesha. "Atakuwepo harusini. Tukiagiza nyingine leo itafika Novemba. Ikifanya kazi, tutawahi." Akamgeukia binti yake. "Au nimpigie Dev simu?"

"Dev ameshatuma orodha, Bapuji. Kurasa nne. Kila skana imo."

"Na unaielewa?"

"Neno kwa neno."

Mzee alimwekea mkono kichwani. "Pole, beta, mwanangu. Tangu mwaka uanze nimekufungia humu na haya madude."

"Hata mimi nataka kutoka, Bapuji," Kajal alisema, na sauti ikamkatika.

Baba yake akageuka upesi, asionekane macho. "Basi chagua vizuri. Hii ndiyo ya mwisho." Kiti kikalia tena kule getini. Nyamoita naye akaenda kumpiga picha mtoto aliyekuwa akilia kwa kuvalishwa soksi.

Kajal alichukua slaidi moja, akaiinua dirishani. Mama yake, miaka kumi na tisa, amevaa sari ya harusi, siku aliyoletwa katika nyumba hii. Ukungu ulikuwa umekula paji la uso na nusu ya shavu. Macho ulikuwa umeyaacha. Hayakuitazama kamera. Yalitazama geti la chuma, lililokuwa jipya wakati huo, limepakwa rangi ya kijani.

Aliirudisha slaidi kisandukuni. Akafungua droo kwa ufunguo, akaitandaza orodha ya Dev juu ya meza. Juu kabisa binamu yake alikuwa ameandika kwa kalamu: *Kajal, hizi za juu zote zinaelewana na Linux, funga macho uchukue yoyote. Zilizo chini ya mstari mwekundu hazitafanya kazi kamwe. Usizikaribie.*

Chini ya mstari mwekundu, majina mawili yalikuwa yamekwisha kutiwa alama. Kajal alivuta fomu ya kuagizia, akalinakili la tatu, polepole, herufi kwa herufi, asije akakosea.