Maiti Alipoketi

Maiti aliketi ndani ya jeneza, na waombolezaji wakakimbilia mlangoni wakipiga mayowe, kama walivyoelekezwa. Murielle peke yake alibaki.

Ilikuwa tamthilia ya kutisha ya televisheni, ya mji mdogo kusini mwa Marekani ambako wafu hawatulii. Kanisa la mji huo lilijengwa kwa mbao ndani ya ghala moja Midrand, Afrika Kusini, na Murielle, msusi kutoka Kongo, alikuwa amechukuliwa kwa siku hiyo awe mmoja wa waombolezaji.

Alisogea akaushika mkono wa bibi aliyeigiza maiti. Ulikuwa umepakwa poda ya kijivu hadi kwenye kucha, lakini chini ya poda ulikuwa na joto.

Kamera zikazimwa. Msaidizi wa mwongozaji, kijana wa Kenya, akamjia taratibu.

"Mama, umesahau? Akiamka, mnakimbia."

"Sijasahau," Murielle akasema. "Mama yangu alizikwa Uvira, mimi niko huku. Maziko niliyaona kwenye simu tu. Yeye akiamka, nimkimbie?"

Kijana akamgeukia mwongozaji, asijue atafsiri vipi.

"Muachie mkono, mama," akasema hatimaye.

Murielle hakuuachia, na yule bibi naye hakuuvuta.