Friji la Moto

"Toa mkono. Joto linatoka," mama alisema, akamchapa mwanawe kiganjani.

Mwanawe, fundi wa mafriji mwenye mvi na kitambi, alirudisha mlango taratibu. Friji lile alilitengeneza mwenyewe. Lilikuwa bovu la siku nyingi, halina gesi wala mota. Alifunga balbu ndani, akaweka bakuli la maji chini na kipimajoto juu, akalisimamisha chumbani kwa mama, kando ya kitanda. Mtu aliyeishi kwa kuuza baridi sasa alikuwa akihangaika kutafuta joto, na wateja wake walimcheka mpaka basi.

Hakuwa na budi. Kikao cha familia kilishaamua nyumba iuzwe, na mama ahamie kwa mwanawe. Mnunuzi alishakuja, akapima vyumba kwa hatua bila hata kumsalimia mwenye nyumba. Mama hakulia. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, akasema kuku aliyeatamia hahamishwi, na yeye ndiyo kwanza ana mayai ya kuatamisha. Vifaranga vikitoka, naye atatoka. Wanakikao walicheka, wakaona ni jambo dogo, wakampa neno. Na katika ukoo ule, neno la kikao halirudi nyuma.

Mpaka sasa mayai yalikuwa yamegoma mara tatu.

"Mama, tuyahamishe na friji lake," fundi alijaribu tena. "Gari ninalo."

"Kwa barabara ile ya mashimo? Utafika na uji."

"Mke wangu ameshakipaka chumba chako rangi."

"Mwambie ahsante. Rangi haiozi."

Watu walisema bibi wa watu kazeeka, kaanza kuchezea mayai. Aliwasikia. Aligeuza mayai yake, akaongeza maji kwenye bakuli, akamfukuza jirani aliyekuja kuchungulia. Alifuga kuku tangu usichana wake, na hakuna aliyewahi kumwona akipoteza kiota kizima. Hilo ndilo lililomuuma fundi. Kama mlezi hana kosa, basi kosa ni la friji, na friji ni lake.

Mara ya kwanza alilaumu balbu. Mara ya pili akalaumu umeme. Mara ya tatu aliyamulika kwa tochi ya simu, akaona giza tupu ndani, moyo ukamruka kwa furaha, maana muuza vifaranga alimwambia yai lenye kiumbe halipitishi mwanga. Akampigia mnunuzi simu papo hapo. Siku zikapita, kimya. Alipotaka kupasua moja aone kilichoyaua, mama aliyakusanya yote kwenye pindo la gauni.

"Hawa ni maiti wangu," alisema. "Maiti hachokonolewi."

Akayazika mwenyewe nyuma ya jiko, akasimama pale na jembe lake kwa muda, macho makavu. Fundi alimwonea huruma, akaapa moyoni kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Leo alikuja na trei mpya. Alikuwa ameyafuata mayai kwa mfugaji mkubwa, akajionea majogoo kwa macho yake. Alibadilisha swichi ya joto, akafunga na betri, umeme ukikatika isiwe kisingizio.

"Safari hii, mama, hata yakiwa mawe yatatoka."

"Tutaona."

"Na yakitoka?"

"Yakitoka nafunga virago siku hiyohiyo, wala hutanisikia nikinung'unika." Alimtazama usoni. "Lakini mpaka yatoke, huyo mnunuzi wako asikanyage hapa. Matofali ya nyumba hii tuliyafyatua mimi na baba yako kwa mikono yetu. Mwambie hivyo, na umwambie nimesema mimi."

Fundi akainamisha kichwa. Alimpenda mama yake sana, na kumwogopa alimwogopa vilevile. Akaliacha friji lishike moto vizuri kwanza, akamwelekeza namna ya kuyapanga mayai baadaye: ncha nyembamba chini, yasigusane. Akaaga.

Mama alisubiri mpaka mlio wa gari ulipopotea. Akatia komeo mlangoni, akabeba trei hadi jikoni. Akayapanga mayai kwenye sufuria, akamimina maji, akatia chumvi kidogo ili maganda yasipasuke, akawasha jiko. Yalipoiva, akayafuta moja moja, akayarudisha chumbani na kuyapanga ndani ya friji, ncha nyembamba chini, yasigusane.