Kidole Kimoja Juu ya Alama

Sumayya aliegemeza mgongo kwenye mwimo wa mlango, nami babu yake nikamwekea kitabu kichwani kumpima. Alikuwa amepita mita moja na ishirini kwa kidole kimoja.

"Balaa hiyo," mamake akasema. Kule Mombasa, kwenye bustani ya michezo ya maji, mtoto asiyefika alama hiyo huingia bure. Tulikuwa na nauli ya treni kutoka hapa Voi, na viingilio viwili vya wakubwa, changu na chake, basi. "Mwanangu, pale getini utakunja magoti kidogo tu."

Sumayya akakunja. Kitabu kikashuka.

"Babu," akauliza polepole, "na lile bomba kubwa la kuteleza?"

Karatasi ya masharti ya bustani nilikuwa nimeisoma mwenyewe. Asiyefika alama hiyohiyo hapandi bomba hilo, hata alie. Na tangu Ramadhani mtoto huyu hana wimbo mwingine ila hilo bomba.

"Simama wima," nikamwambia. "Kiingilio changu ni chako. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi ndani, kwa hivyo nitakaa nje na kikapu cha mahamri."

"Wewe, Baba?" Binti yangu alicheka, lakini macho hayakucheka. "Miaka yote hiyo ukizurura mbali nasi, leo tukuache getini peke yako? Jioni tutakukuta?"

"Miaka yote hiyo hakuna aliyenibebesha mahamri yake. Mtanikuta."

Sumayya akanyoosha magoti, visigino vikagonga mbao, nami nikachora mstari mnene juu ya kichwa chake.