Picha Inaporudishwa

Belkin aliitia picha ya Garrity kwenye bahasha, akalamba gundi, akaifunga. Siku hii aliisubiri miaka ishirini na mitatu.

Kabla televisheni haijaingia majumbani, wote wawili walikuwa wachekeshaji wa vodevili, yale maonyesho ya jukwaani ya nyimbo na vichekesho, wakiigiza pamoja na kuzunguka mji kwa mji kwa treni. Huko meneja wa ukumbi hakumwambia mtu kwamba hafai. Aliibandua picha yake pale mlangoni, akamrudishia ndani ya bahasha. Ukiiona bahasha, unafungasha.

Scranton, mwaka 1931, asubuhi baada ya onyesho la kwanza, Garrity aliingia chumbani na kusema, "Hersh, nimechoka kukubeba. Kuanzia leo napanda jukwaani peke yangu."

Basi. Miaka tisa ya kula sahani moja, na hata usoni hakumtazama. Belkin alipopita mlangoni pa ukumbi na sanduku lake, picha ya Garrity ilikuwepo bado, yake haipo. Aliamini yule mshenzi ameichana. Hakupanda jukwaani tena. Alianza kuvuta mapazia, akaenda redioni, na sasa, hapa New York, ndiye mwongozaji wa kipindi cha vichekesho ambacho watu waliahirisha chakula cha jioni ili wakitazame. Lakini ule uchungu haukumtoka.

Jumatatu Garrity alikuja kuomba kazi, koti limemchakaa viwikoni. Belkin alimpa nafasi ya kuigiza mhudumu anayemwaga supu, na picha yake ikatundikwa ukutani pamoja na za wenzake. Siku tatu za mazoezi mzee yule aliwavunja mbavu hata wapiga kamera. Belkin alimwacha aonje utamu.

Leo, mbele ya wote, alimkabidhi bahasha.

Wasanii vijana hawakuelewa. Garrity alielewa. Aliipimapima mkononi bila kuifungua.

"Mbele za watu, Hersh?"

"Nimekuacha umalize supu. Shukuru."

Garrity alitikisa kichwa. "Na jicho hukupepesa! Umeweza, ndugu yangu. Mimi lilinishinda."

"Lilikushinda lipi? Si ulinitupa kama ganda la ndizi?"

"Nilikutupa, sikatai." Alivaa kofia yake, kisha akatoa kwenye mfuko wa ndani wa koti bahasha nyingine, kuukuu, imekuwa ya manjano. "Hii nilitaka niichome kabla sijafa. Lakini naona sasa umekomaa. Chukua."

Akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake.

Belkin alijua ni barua ya kuomba radhi. Imechelewa mno! Akaona kumsamehe hawezi, ila kumcheka anaweza, tena na wote wacheke naye.

"Haya, sogeeni," akawaita. "Bwana Garrity ametuachia utenzi wake wa mwisho."

Wakasogea, wengine wamekwisha kuanza kutabasamu. Belkin akaichana bahasha. Ndani mlikuwa na picha, imelala kifudifudi, na mgongoni mwake muhuri wa ule ukumbi wa Scranton na mistari miwili ya mwandiko wa meneja. Hakungoja kuigeuza. Alipaza ile sauti yake ya zamani ya jukwaani, akasoma:

"Belkin hachekeshi, arudishiwe picha yake leo. Garrity abaki."

Studio nzima ikaangua kicheko.