Mzee Kumi na Moja

Kipkirui aliitupa barua ya hospitali ndani ya zizi, kisha akaruka ua kuiokoa kabla ndama hajaitafuna. Aliipangusa kinyesi kwa suruali, akaisoma tena. Haikuwa imebadilika. Sindano ya nne.

Mara tatu alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda chembamba kule Eldoret, akachomwa, akatolewa vipande vya tezi dume, akakojoa damu. Mara tatu hawakuona kitu. Lakini kipimo cha damu kilirudi na namba ileile, kumi na moja, na wao walitaka iwe chini ya nne. Hakuna aliyemwambia ana saratani. Hakuna aliyemwambia hana. Tuendelee kuangalia, walisema, na kwa miaka miwili walimwangalia kama gunia la mahindi linaloshukiwa unyevu.

"Kama ninakufa waniambie nife," alimwambia mkewe, Priscah. "Kama sifi waniache nilime."

"Baba Chebet, chai inapoa."

Aliyemchoma zaidi ya sindano ni Barnaba, kaka yake wa baba na mama mmoja. Walipimwa siku moja, chini ya hema la wanaume wa kanisa hapo kijiji cha Ziwa. Kipkirui akapata kumi na moja. Barnaba akapata nukta saba. Hata moja haikufika. Ujanani Barnaba alikimbia mita elfu kumi, na kwake, kama kwa nusu ya watu wa huku, namba ikishuka ni ushindi. Alisimama mbele ya kanisa akaitangaza kama muda wa mbio. Hakupimwa tena. Mbio ameshinda, alisema, arudie za nini? Kipkirui naye akabandikwa jina: Mzee Kumi na Moja.

Kisha Barnaba akaanza kumpangia mambo. Andika wosia. Waite vijana uwaonyeshe mipaka. Jumapili moja, baada ya chakula, alimtembeza hadi kwenye miti ya saipresi, akamwuliza angependa kulala akiangalia barabara au mto.

"Sisemi kwa ubaya," Barnaba alisema. "Sitaki tu utuachie kesi."

Kipkirui hakumsemesha mwezi mzima.

Kwa hiyo alipokwenda mjini na ile barua kugombana na mtu, na daktari mtafiti aitwaye Nelima akamsikiliza mpaka mwisho, jibu lake lilimkata maini. Sindano ingesubiri kwanza. Alitaka kuziangalia jeni zake, na ili alinganishe, alihitaji ndugu wa tumbo moja. Wote wawili watoe damu, wote wawili waingie kwenye mashine ya picha.

Daktari Nelima alimweleza polepole. Kinachohesabiwa kwenye damu si saratani. Ni kimeng'enya kinachotengenezwa na tezi yenyewe, mkasi mdogo wa kukata protini. Jeni inayoagiza mkasi huo haifanani kwa watu wote. Kuna mtu mfereji wake, kama bomba la maji, umefunguliwa wote, na kuna mtu wake unadondoka tone moja moja, ugonjwa uwepo usiwepo.

Kipkirui alisikia jambo moja tu: kwamba ilimbidi akamwombe Barnaba.

Barnaba alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Wanataka kuona mwanamume mzima anavyokaa ndani, alisema, basi wamefika mahali pazuri. Kwenye fomu, palipoulizwa kama angependa kusomewa majibu yake faraghani, aliandika kwa herufi kubwa kwamba wao ni ndugu, hawana siri, wasomewe pamoja.

Siku ya majibu Barnaba ndiye aliyeendesha pikapu. Alisimama mara tatu njiani kukojoa kwenye mahindi ya watu, akailaumu chai ya Priscah. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake. Miaka thelathini na nane, alijisifu akijipigapiga tumbo, na sasa inamkaa tena bila fundi kuigusa.

"Na wewe ungefanya mazoezi, Mzee Kumi na Moja."

Kipkirui aligeukia dirisha. Alitamani kufungua mlango, ashuke, atembee kwa miguu hadi mjini, afike peke yake, ahukumiwe peke yake. Hata kufa kwake kulikuwa kumepata msimamizi.

Chumbani, Daktari Nelima alikuwa na faili mbili mezani. Aliwauliza tena kama bado wanataka kusomewa pamoja. Barnaba akajibu kwa niaba ya wote wawili. Daktari akaanza na Kipkirui.

"Mzee, mfereji wako ulifunguliwa wote tangu uzaliwe. Kumi na moja ni namba yako ya kawaida. Picha ni safi. Rudi shambani, sindano hakuna tena."

Hasira ya miaka miwili ilimpanda Kipkirui ikakosa wa kumwangukia. Sindano tatu. Hema la kanisa. Miti ya saipresi. Alitaka kupiga meza. Badala yake akaivuta faili yake karibu, akaitafuta ile kumi na moja kwa kidole.

Barnaba aliinuka akamkumbatia kutoka nyuma, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Akachukua kofia yake, akaelekea mlangoni. Alisema twende zetu, ng'ombe hawajakamuliwa, na kwamba habari nzuri namna hii wangeweza kuipata kwa simu bila kuchoma mafuta.

"Ya ndugu yako ningeitoa kwa simu," Daktari Nelima alisema, akifungua faili ya pili. "Keti, Mzee Barnaba."