Asili ya Nyanyua

"Hapo ulipokaa, mzee wangu, ndipo ilipozaliwa Nyanyua," Mtaalamu wa densi alimwambia fundi viatu. "Kwa hiyo utatupisha."

Akampa barua. Kufikia saa tisa kona iwe tupu, kwani sanamu ya mwanzilishi wa densi hiyo ingesimama palepale penye gundi na misumari.

Fundi aliisoma polepole. Miaka thelathini na miwili alishonea viatu hapo. Kona hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto, na nyingine hakuwa nayo.

"Mwanzilishi mwenyewe ni nani?"

"Shujaa wa vita vya kale. Mguu mmoja chini, mmoja juu: alikuwa akivuka mto wa damu. Nimeandika kitabu."

"Kitabu kizima?"

"Juzuu mbili. Ajabu, umekaa hapa miaka yote hiyo na hukuona chochote."

"Mimi nainamia kiatu, mwanangu. Naona miguu tu."

Mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, akasonya. "Nilikwambia ununue hata kigoda cha wateja. Ungeonekana mtu wa maana."

"Nitakiweka wapi, kichwani?"

Mtaalamu aliwapanga wanafunzi aliokuja nao ili awaonyeshe Nyanyua ya asili. Akainua mguu kwa madaha, kidevu juu. Vijana wa kona, ambao huicheza kila siku, waliguna.

"Huyu anapanda ngazi," mmoja alisema.

Mtaalamu akarudia kwa kishindo. Soli ya kiatu chake ikabanduka, ikaning'inia kama ulimi wa mbwa.

"Vua," fundi alisema. "Dakika kumi tu."

"Lakini barua umeielewa?"

"Nimeielewa. Saa tisa bado."

Ilikuwa saa saba, jua utosini. Mtaalamu alitua mguu mtupu juu ya saruji, akaunyanyua. Akautua tena, akaunyanyua upesi zaidi. Akashika ukuta, akajizungusha, akaruka mara mbili, mabega yakimtetemeka, pumzi zikimtoka kwenye meno.

Vijana, mmojammoja, wakaanza kupiga makofi.

"Sasa hiyo ndiyo Nyanyua, mwalimu. Nani kakufundisha?"

Fundi hakuinua kichwa. Alifuta gundi kwa ile barua, akatunga uzi bila haraka.

"Wote huanza hivyohivyo," alimnong'oneza mkewe. "Ukiwapa kigoda, wanakaa tu."